Spika Ipi Bora? Namna ya Kujipimia Mwenyewe Kabla Hujalipa

Ukiingia duka la Kariakoo au la Luthuli Avenue ukauliza "spika bora hapa ni ipi?", utaoneshwa iliyo ghali kuliko zote, au ile iliyokaa sana stoo. Muuzaji hana kosa. Swali halijakamilika, na swali lililoachwa nusu hujibiwa na mwenye maslahi. Hapa tunaeleza jinsi ya kulikamilisha, kisha jinsi ya kulijibu kwa masikio yako na mita ya fundi, bila kutegemea jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kwanza tazama yaliyoipata Yamaha NS-10M. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya sebuleni, na sebuleni haikupendwa: besi haba, sauti za kati zimejitokeza mno, twita (kispika kidogo cha sauti za juu) inachoma. Baada ya miaka michache, ile koni yake nyeupe ilikuwa imeenea juu ya mixa za studio kubwa za Marekani, Uingereza na Japani. Mafundi wengine walikuwa wakibandika karatasi ya chooni mbele ya twita ili kuipunguza ukali, lakini hawakuiacha. Sababu ni ileile iliyoifukuza sebuleni. Sauti za kati ndipo wanapokaa mwimbaji, gitaa na kinanda, na spika inayozisukuma mbele huanika kila kosa la mchanganyaji. Uzalishaji wake ulisimama mwaka 2001, na hadi leo zilizotumika zinatafutwa. Sasa, hiyo ni spika bora au mbovu?

Au fikiria honi ya chuma iliyo juu ya mnara wa msikiti. Chini ya Hz 300 (mitetemo 300 kwa sekunde) haitoi kitu cha maana, na ukiiweka sebuleni usikilize taarabu utaizima kabla ubeti wa pili haujaanza. Lakini kwa kazi ya kufikisha maneno ya adhana nyumba ya hamsini, katikati ya pikipiki na majenereta, hakuna spika ya sebuleni itakayoikaribia, hata iwe na bei mara ishirini. Honi inaielekeza nguvu yote upande mmoja, na inaitumia kwenye masafa yanayobeba matamshi.

Kwa hiyo "bora kuliko zote" haipo. "Bora kuliko hii nyingine, kwa kazi hii, ndani ya chumba hiki" ipo, na inapimika.

Kamilisha swali kwa kalamu

Andika kwenye karatasi: sauti itakuwa ya nini (maneno, muziki wa kusikiliza, muziki wa kuchezwa, kurekodi), msikilizaji atakaa mita ngapi kutoka kwenye spika, chumba kina urefu na upana gani, sakafu ni vigae au zulia, na fedha ni kiasi gani pamoja na waya na stendi. Watu husahau stendi, kisha spika ya laki tano inaishia kukaa ndani ya kabati la televisheni ambako besi yake inanguruma kama pipa.

Umbali ndio unaoamua mengi. Nje, kila ukiongeza umbali maradufu unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Chumbani unapoteza kidogo kuliko hapo kwa sababu kuta zinarudisha sehemu ya sauti, lakini kanuni inatosha kwa makadirio. Mtu wa kusikiliza mezani, sentimita 80 kutoka kwenye spika, anaweza kutosheka na wufa (koni ya besi) ya inchi 4. Ukumbi wa harusi wa mita 20 ni habari nyingine kabisa, na usijaribu kuuhudumia kwa sabufa ya nyumbani "iliyokazwa".

Wati za kwenye boksi

Boksi likisema wati 5000 PMPO, idadi hiyo usiitumie kwa lolote. PMPO haina kipimo kinachokubaliwa. Kila kiwanda kinaandika kitakacho. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma palipoandikwa umeme unaotumiwa. Ukikuta "AC 230V, 50Hz, 60W", basi mashine hiyo inachota wati 60 ukutani, na haiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya inachochota. Amplifaya ya daraja D (class D, aina ya saketi isiyopoteza umeme mwingi) inageuza takriban asilimia 85 hadi 90 ya umeme kuwa sauti inapofanya kazi kwa nguvu. Ya daraja AB ni kama nusu au zaidi kidogo. Hapo ujue una kati ya wati 30 na 50 kwa chaneli zote pamoja. Ziko amplifaya kubwa za ukumbini ambazo kibandiko chake huandikwa matumizi ya wastani na si ya kilele, kwa hiyo hesabu hii itumie kwa vifaa vya nyumbani.

Wati zenyewe nazo hazisemi sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Kinachosema ni wepesi wa spika (sensitivity): desibeli ngapi kwa mita moja ikipewa volti 2.83, ambazo kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme) ni wati 1 kamili. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 25 inapiga sawa na ya desibeli 86 iliyopewa wati 100, maana kila desibeli 3 unazotaka kuongeza zinadai nguvu maradufu. Na ili sikio la kawaida likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Ndiyo maana kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 70 ni kutupa hela. Tofauti haifiki desibeli 1.5.

Angalia pia omu. Spika ya omu 4 kwa volti hizohizo 2.83 inakula wati 2, kwa hiyo desibeli zake kwenye karatasi huonekana nzuri kuliko zilivyo. Amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 6 usiipe spika mbili za omu 4 kwa pamoja kwenye chaneli moja. Hapo inaona omu 2, inachemka, na ikiwa na kinga itajizima katikati ya shughuli. Isipokuwa nayo, tranzista za mwisho zinakwenda.

Kosa lililozagaa zaidi ni la kudhani amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza sana. Ikikabwa kupita uwezo wake, mawimbi yanakatwa vichwa, na kukatwa huko kunazaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Zote zinaishia kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba kama unywele. Ukisikia sauti imekuwa ya kukwaruza na besi haiongezeki tena unapopandisha, shusha hapohapo.

Na karatasi ikisema "Hz 40 hadi 20,000" bila kutaja ±3 dB pembeni (yaani sauti haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3), haijasema kitu. Spika yoyote inaweza kutoa Hz 40. Suala ni kwa sauti ndogo kiasi gani.

Kusikiliza bila kuona

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi Harman, kampuni ya spika ya Marekani, walichapisha jaribio la spika nne na wasikilizaji 40, wote wafanyakazi wa kampuni. Walisikiliza mara moja wakizitazama, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Spika ni zilezile na masikio ni yaleyale, lakini alama zilibadilika. Mfumo mdogo wa bei nafuu, ambao nyuma ya pazia ulishindana vizuri, ulishuka ulipoonekana; spika kubwa za kupendeza macho zikapanda. Hawa walikuwa watu wa kazi hiyo, si wapita njia.

Utafiti wao kwa jumla una upande wa pili ambao wauzaji na wabishi wote wawili huupuuza. Macho yakiondolewa, wasikilizaji wengi, wazoefu na wasio wazoefu, huelekea kupenda spika zilezile: zile ambazo zikipimwa mstari wake ni mnyoofu kutoka besi hadi juu (hakuna sauti inayozidi wala kupungua), na sauti inayotoka pembeni inafanana na inayotoka mbele. Kwa hiyo usimkubalie anayesema "kila mtu na sikio lake" kama jibu la mwisho. Kwa spika, ladha inagongana kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachogongana sana ni chumba, kazi na mfuko.

Nyumbani, kulinganisha kwa haki kunadai mambo matatu: sauti zilingane, usione, na ubadilishaji uwe wa haraka. Lolote kati ya hayo likikosekana, matokeo tupa.

Kulinganisha sauti ndiko kunakorukwa na wengi, nako ndiko kunakoharibu. Kifaa kinachopiga juu zaidi kwa desibeli moja tu hakisikiki kama kinapiga juu. Kinasikika kama "kisafi zaidi" au "chenye uhai". Muuzaji mjanja analijua hilo, na remoti iko mkononi mwake.

Kama unalinganisha amplifaya mbili kwa spika moja, fanya hivi. Pakua mlio mmoja wa Hz 300 uuweke kwenye flashi au simu. Usitumie Hz 1000, kwa sababu multimita nyingi za bei rahisi zinasema kweli hadi Hz 400 tu, na zaidi ya hapo zinasoma pungufu. Weka multimita kwenye volti za AC, masafa ya volti 20, gusa vituo vya spika huku spika ikiwa imefungwa. Pandisha amplifaya ya kwanza hadi isome volti 2.00. Sauti itakuwa ya kuudhi, basi usikae nayo muda mrefu. Hamia ya pili, uipandishe hadi volti ileile, kati ya 1.98 na 2.02. Asilimia moja ya volti ni chini kidogo ya desibeli 0.1, na hapo sikio halina cha kushika. Weka besi na trebo zote katikati, zima "loudness", "bass boost" na vikorombwezo vingine. Kisha bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya vitasa ili mtu asivisogeze.

Sasa kubadilisha. Kuchomoa waya na kuchomeka tena kunachukua dakika nzima, na kumbukumbu ya sauti haikai hata nusu ya muda huo. Mwambie fundi akuundie swichi ya miguu sita yenye nafasi ya kuzima katikati. Miguu miwili ya kati inakwenda kwenye spika, chanya na hasi. Miwili ya upande mmoja inatoka amplifaya ya kwanza, miwili ya upande mwingine ya pili. Chanya na hasi zote zikatwe na swichi, usiunganishe hasi za amplifaya mbili pamoja kwa kufikiri kwamba "ni eti tu" (eti ni waya wa ardhini, earth). Kwenye amplifaya nyingi za daraja D, hasi ya spika nayo inabeba umeme, na kuigusisha kwenye eti kunaziunguza. Nafasi ya katikati ni ya lazima ili kwa sekunde hiyo amplifaya mbili zisikutane. Amplifaya ya vali isitumike kwa swichi hii kabisa, kwani haitakiwi kuachwa bila spika ikiwa inapiga.

Tumia spika moja tu, si mbili. Sauti ya upande mmoja inaanika tofauti zaidi kuliko stereo, na swichi inakuwa rahisi. Chanzo kimoja kigawanywe kwa waya wa Y kwenda amplifaya zote mbili.

Kisha tafuta msaidizi atakayekaa nyuma yako au nyuma ya pazia. Arushe shilingi: kichwa amplifaya A, upande wa pili B. Aandike, aseme "tayari" kwa sauti ileile kila mara, asiseme kingine. Wewe uandike unachodhani. Kabla hamjaanza kubalianeni raundi ni 16, wala msiongeze wala kupunguza katikati, maana kila mtu hupenda kuacha anapokuwa anaongoza. Ukipata 12 au zaidi, tuamini kwamba unasikia tofauti: anayebahatisha anafika hapo kama mara 4 tu katika majaribio 100. Ukipata 10 au pungufu, hujathibitisha kwamba unasikia kitu, hata kama moyo unakataa. Kwa 11, pumzika, mrudie siku nyingine raundi zote 16 upya.

Chagua nyimbo kwa makusudi. Sauti ya mwanamume anayesoma habari inafichua spika yenye mwangwi wa sanduku, maana ukiwa umezoea redio unajua sauti hiyo inavyopaswa kuwa. Taarabu yenye fidla nyingi na ala ya nyuzi iitwayo kanuni inaumiza twita mbaya: fidla zinageuka kuwa nyuki. Gitaa la besi linalopanda na kushuka hatua kwa hatua, kama kwenye muziki wa dansi, linaonesha kama noti zote zina uzito sawa au kuna moja inayovimba. Weka vipande vya sekunde 15 hadi 20, si wimbo mzima.

Spika mbili kwa spika mbili ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu volti sawa hazizipi sauti sawa. Hapa utatumia kelele ya waridi (pink noise, mvumo wa kupimia) iliyokatwa kati ya Hz 500 na 2,000, na programu ya kupima desibeli kwenye simu. Simu iwekwe pale kichwa chako kitakapokuwa, juu ya kitu kisichotikisika, isisogezwe. Usijali inasema desibeli ngapi. Jali kwamba spika zote mbili zinasoma namba moja, zisipishane zaidi ya nusu desibeli. Ziweke karibukaribu nyuma ya pazia jepesi, kitambaa kinachopitisha pumzi ukikipuliza. Ukimaliza raundi nane, zibadilishane nafasi, uanze tena. Spika iliyo karibu na kona hupata besi ya bure, na bila kubadilishana utakuwa unashindanisha kona. Maabara ya Harman kule Northridge, California, ilijengewa mtambo wa kuzisogeza spika mahali palepale kwa sekunde chache kwa sababu hiyohiyo.

Kwa faili za sauti huhitaji msaidizi. Programu ya bure ya foobar2000 ina nyongeza ya ABX (unasikia A, B na X, useme X ni ipi) inayobahatisha na kuhesabu yenyewe. Chukua wimbo wa CD, utengeneze nakala ya MP3 ya kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) kutoka faili hiyohiyo, uzilinganishe. Wengi wanaoapa kwamba tofauti ni "mbingu na ardhi" hawafiki 12 kati ya 16. Kwa kbps 128 hali ni nyingine, hasa kwenye makofi, matoazi na kayamba.

Chumba kinashinda

Chumba cha mita 4 kinavimbisha sauti ya takriban Hz 43, cha mita 3 Hz 57. Ni hesabu ya mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, ukigawa kwa urefu mara mbili. Chumba chenye urefu na upana sawa ndicho kibaya zaidi, kwani mivimbo miwili inakaa mahali pamoja: noti moja ya besi inatikisa dirisha, inayofuata haipo. Mtu akibadilisha sabufa mara tatu ndani ya chumba hicho, tatizo litabaki lilelile, na lawama atazidi kuwapa watengenezaji.

Dawa yake ya bure ni hii. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, pale masikio yanapokuwa. Piga gitaa la besi linalopanda hatua kwa hatua. Kisha tambaa kwa magoti kando ya kuta ukiwa umeinamisha kichwa hadi usawa ambao sabufa itakaa, usikilize ni wapi noti zote zinakuwa na uzito unaokaribiana. Hapo ndipo sabufa ikae. Watu wa nyumbani watacheka. Waache.

Sakafu za vigae, kuta za zege na madirisha ya aluminiamu tulizozoea siku hizi ni adui wa sauti za juu. Piga kofi moja kali katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa haraka unaotetemeka kama chuma chembamba, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Kabla hujanunua lolote, simamisha godoro nyuma ya kiti, utandike zulia zito mbele ya spika, ufunge pazia nene, kisha usikilize wimbo uleule. Ukiona tofauti hiyo ni kubwa kuliko iliyokuwa kati ya spika mbili ulizokuwa ukizipigania, basi fedha zako ziende kwenye mapazia. Trei za mayai usihangaike nazo. Ni nyepesi mno kuzuia chochote, na zinashika moto haraka.

Spika ziwe pembetatu na kichwa chako: mita mbili kati yao, mita mbili hadi kwako, twita usawa wa sikio. Sogeza kutoka ukutani sentimita 30 kwanza, halafu 50, usikilize besi. Spika yenye tundu la hewa nyuma isibanwe na ukuta.

Hakikisha pia chanya na hasi hazijapishana kwenye spika moja. Dalili yake ni besi kupotea na sauti ya mwimbaji kutokaa katikati. Kama waya hauna alama, chomoa kwenye amplifaya na uguse ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa nukta moja: koni ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya.

Vifaa vingine kwa ufupi

Amplifaya mbili zilizo nzima, zenye mstari mnyoofu, zisizokabwa, zikiwa zimelinganishwa volti, karibu kila mara hutoka sare. Tofauti ya kweli inakuja pale moja inapoishiwa nguvu, au inapokuwa na mvumo. Mvumo mzito wa Hz 50 unaopungua ukishika chuma cha mashine ni tatizo la eti au waya wa kuingizia sauti. Mvumo mkali zaidi wa Hz 100 kwenye amplifaya kuukuu mara nyingi ni kapasita kubwa za chujio zilizokauka, na fundi anazibadilisha kwa gharama ndogo kuliko kununua mpya. Mwambie azifungue baada ya kuzimaliza umeme. Zinaweza kushika chaji muda mrefu baada ya kuchomoa.

Waya wa spika: shaba ya milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa hadi mita 10 inatosha sebule yoyote. Kwa mita 10 inaongeza kama omu 0.14 kwenda na kurudi, ambayo kwa spika ya omu 8 haisikiki. Ubaya ulioko sokoni ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, unaouzwa kama shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, upinzani wake ni kama mara moja na nusu, kwa hiyo nunua mnene zaidi au uuache. Zaidi ya hapo usilipie waya hata senti.

Hedifoni ni ngumu kuzijaribu bila kujua, kwani kichwa kinazitambua kwa uzito na mto wake. Angalia omu. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, huuzwa ya omu 32, 80 na 250, na anayechukua ya 250 akaichomeka kwenye simu atalalamika kwamba ni ya kimya. Kifaa ni kizima, ila simu haina volti za kuisukuma.

Kwenye maiki, swali la "bora" ndilo linalopotosha zaidi. Neumann U 87 ni maiki ya studio inayoheshimiwa tangu 1967, na bei yake ni mara nyingi ya Shure SM58 iliyotoka 1966. Ipeleke U 87 kwenye jukwaa la harusi ikiwa na monita (spika za kumsikilizisha mwimbaji) miguuni, itashika ngoma, jenereta na vigelegele, kisha itaanza kupiga mluzi. SM58 inasikia kilicho sentimita 5 mbele yake na kupuuza mengi ya nyuma. Mwimbaji akisogea kutoka sentimita 5 hadi 20 anapoteza takriban desibeli 12 na besi inaondoka, kwa hiyo mfundishe kushika maiki kabla hujamnunulia nyingine. SM58 za bandia ni nyingi. Halisi ina uzito wa gramu 298 bila waya. Ichukue hadi kwenye mzani wa jikoni, na ikiwa nyepesi kwa gramu hamsini iache. Ikiwa na uzito sawa, bado ishindanishe na ambayo una hakika nayo, kwa sauti ya mtu mmoja na kitasa kimoja cha mixa.

Ukienda dukani, beba flashi yenye vipande vyako vinne, multimita, na mtu mmoja wa kurusha shilingi. Mwombe muuzaji arudishe ekwalaiza katikati, na remoti ishikwe na mtu wako. Akikataa, omba udhamini wa kurudisha ndani ya siku saba ulioandikwa kwenye risiti, ukafanye jaribio nyumbani, ambako ndiko spika itakakoishi. Raundi 16 zikitoka sare, chukua ambayo vipuri vyake vinapatikana na ambayo fundi wa mtaani kwenu ameshawahi kuifungua.